Kabla ya kuitwa mwenye nyumba

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wiki chache zilizopita, mara baada ya swala ya Alasiri, alitujia mzee mmoja wa hapa Tanga, mwalimu mstaafu, akiwa amefuatana na mkewe. Mafao yake yalikuwa yametoka, na baada ya kulipa madeni na kumaliza ada ya mtoto wa mwisho, zilikuwa zimebaki shilingi milioni 24. “Shekhe,” akasema, “maisha yangu yote nimelipwa kwa mwezi. Nataka niendelee kulipwa kwa mwezi hata baada ya kustaafu. Nitajenga vyumba vinne uani, niweke wapangaji, nami nipumzike.” Mkewe alikuwa ameinamisha macho. Tulipomwomba naye aseme, alisema kwa sauti ya chini: “Mwenzangu anahesabu vyumba, Shekhe. Hajatuhesabu sisi tunaoishi humo.”

Tumeona tulilete suala hili katika ukurasa huu, kwa ridhaa yao na bila ya kutaja majina, kwa sababu si lao peke yao. Yuko mjane aliyebaki na nyumba ya vyumba sita huku watoto wote wamehama. Yuko kijana aliyeko Muscat au London anayetuma fedha kila mwezi ajengewe nyumba nyumbani. Wako ndugu walioachiwa nyumba na marehemu baba yao, nao hawajui waiuze au waipangishe. Wote hao wamesimama penye mlango mmoja: kuwa mwenye nyumba kwa mara ya kwanza.

Maoni yetu tunayatanguliza. Kupangisha nyumba ni jambo la halali na lenye kheri nyingi. Lakini si kila mwenye chumba kitupu anafaa kuwa mwenye nyumba, wala si kila mwenye akiba anapaswa kuizika katika matofali. Yako maswali ambayo ni lazima yajibiwe kabla ya tofali la kwanza, kwa kuwa yakijibiwa baada ya mpangaji kuingia, hujibiwa kwa ugomvi.

Uhalali na mipaka yake

Kupangisha ni sehemu ya mlango ambao wanazuoni wa fiqhi huuita ijara, yaani kuuza manfaa ya kitu huku chenyewe kikibaki kwa mwenyewe. Miongoni mwa dalili zao ni kisa cha Nabii Musa (a.s) kilichomo katika Suratul Qasas, alipokubaliana na mzee wa Madyan kumtumikia kwa miaka minane, na akipenda kutimiza kumi basi ni kwa hiari yake. Angalia, ndugu msomaji, jinsi muda ulivyotajwa waziwazi. Kutokana na dalili hiyo na nyinginezo, wanazuoni wakaweka masharti: manfaa yajulikane, muda ujulikane, na malipo yajulikane. Kinachobaki gizani katika hayo matatu ndicho kinachokuja kuwafikisha watu kwa mjumbe na barazani.

Sheria za nchi nazo zimepita katika hali mbalimbali. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 yalipotaifishwa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyoweka mabaraza na mipaka ya kumpandishia mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiasi cha pango ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Wengi walilifurahia hilo. Sisi tunasema limeongeza mzigo juu ya dhamiri ya mwenye nyumba, maana pale ambapo sheria ya nchi imenyamaza, yeye atabaki na Mola wake, naye Mola hanyamazi.

Mali ni ya nani?

Swali la kwanza tulilomwuliza mwalimu halikuhusu fedha. Tulimwuliza kiwanja ni cha nani. “Ni cha marehemu baba,” akajibu. “Tuko watatu, mimi na dada zangu wawili. Lakini wao wameolewa, mmoja yuko Muheza na mwingine Mombasa. Hawana haja nacho.” Tukamwuliza: “Wamekwambia kwa vinywa vyao kwamba hawana haja nacho?” Akanyamaza.

Hapa ndipo Waislamu wengi wanapojikwaa, tena wakiwa wanaswali safu ya mbele. Baba anafariki, nyumba haigawanywi, mtoto wa kiume aliyebaki hapo anaanza kuitumia kana kwamba ni yake, miaka inapita, na kimya cha dada kinafanywa kuwa ni ridhaa. Kimya hicho mara nyingi ni haya, au ni kuogopa kuvunja undugu, au ni kutojua haki yake. Mirathi imegawanywa na Allah mwenyewe katika Suratun Nisaa. Kwa kuwa wazazi wote wawili wa mwalimu huyu wametangulia mbele ya haki na hakuna mrithi mwingine, fungu lake ni nusu, na la kila dada ni robo. Kiwanja hicho basi nusu yake si chake. Anayejenga juu ya fungu la dada yake bila ya idhini na akala pango lake, anakula mali ya mtu kwa dhulma, hata kama kila mwezi humpelekea kilo mbili za sukari.

Njia ziko nyingi, na zote ni nyepesi kuliko dhulma. Ndugu wanaweza kugawana kiwanja. Anaweza kuyanunua mafungu yao kwa thamani ya leo, si ya mwaka aliofariki baba. Wanaweza kushirikiana, yeye akatoa fedha nao ardhi yao, wakaandikiana jinsi ya kugawana pato. Au wanaweza kumsamehe, lakini msamaha wa kweli ni wa mtu anayejua anachokisamehe.

Hesabu isiyojidanganya

Swali la pili ni la hesabu. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu yake juu ya bahasha. Vyumba vinne, kila kimoja Sh 60,000 kwa mwezi, ni Sh 240,000, na kwa mwaka ni Sh 2,880,000. Hesabu ni sahihi, lakini haina upungufu wowote ndani yake, na nyumba ya kupangisha haiko hivyo.

Tukaipitia upya pamoja naye. Tuseme kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja tu katika mwaka, ama kwa kuhama mtu au kwa kuchelewa kupatikana mwingine. Zimeondoka Sh 240,000. Tuseme kupaka rangi, kubadilisha vitasa, kuziba bati linalovuja, kunyonya shimo la choo na kumlipa fundi bomba ni Sh 400,000 kwa mwaka. Iko kodi ya jengo. Zinabaki kama Sh 2,222,000, kabla hatujagusa kodi ya pango la ardhi wala kodi ya mapato. Ukizigawa milioni 24 kwa kiasi hicho, utaona kwamba fedha yake itarudi baada ya karibu miaka 11. Mwalimu ana miaka 60. Tarakimu hizi ni za mfano wake yeye, na kila mtu aweke za mtaa wake. Lakini asiache mstari hata mmoja.

Hatusemi kwamba miaka 11 ni hasara. Nyumba hubaki, na watoto huirithi. Tunachosema ni kwamba mtu mwenye umri huo asiweke akiba yake yote mahali ambapo hawezi kuichota siku ya ugonjwa. Tofali haliuzwi mojamoja hospitalini. Aliye na milioni 24 na akajenga kwa milioni 24, siku mkewe atakapohitaji kupasuliwa atakuwa na vyumba vinne na hana nauli.

Alipoona hesabu imepungua, mwalimu akatuuliza je, akikopa ili vyumba viwe sita? Hapa tulikuwa wakali kidogo. Mkopo wa riba haugeuki kuwa halali kwa sababu umejengea nyumba. Zipo njia zisizo na riba, na tangu Amana Bank ilipofunguliwa mwaka 2011 nchi yetu ina benki inayoendeshwa kwa misingi ya sharia, achilia mbali benki nyingine zenye madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha, kwa mfano, benki hununua vifaa vya ujenzi na kumwuzia mteja kwa bei inayojulikana, naye hulipa kidogokidogo. Lakini hata deni la halali ni deni, na mpangaji asipolipa, tarehe ya benki haimsubiri. Kwa mstaafu, vyumba viwili visivyo na deni ni bora kuliko sita vyenye deni.

Uani ni kwa nani?

Swali la tatu ndilo alilolileta mke kwa maneno machache. Nyumba zetu za Kiswahili tunazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ni uani, penye jiko, kisima au bomba, na choo. Uani ndipo mwanamke anapofunua kichwa chake, anapokuna nazi, anapowaogesha wajukuu. Ukijenga vyumba vinne uani na kuweka wapangaji, umeingiza familia nne zisizo mahramu mahali pake pa kupumulia. Mume atakayekuwa msikitini na barazani hatalihisi hilo. Mke atalihisi kuanzia alfajiri.

Kwa hiyo tunasema: shauri la kupangisha si la mwanamume peke yake. Allah amewasifu waumini kwamba mambo yao ni kwa kushauriana. Kama inawezekana, vyumba vya wapangaji viwe na mlango wao wa nje, choo chao na bomba lao, hata kama idadi itapungua. Kama haiwezekani, na mwenye nyumba ya ndani hajaridhika, pato hilo halina baraka.

Wengine hudhani dawa ya jambo hili ni kumchagua mpangaji kwa dini yake. Kumpangishia asiye Muislamu ili akae ni halali kwa wanazuoni, na Mtume (s.a.w) mwenyewe, katika safari ya Hijra, alimwajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Muislamu, akamwamini kwa roho yake. Kisichofaa ni kupangisha ukijua kwamba chumba kitakuwa kilabu cha pombe au danguro, awe mpangaji ni nani. Uliza tabia, uliza kazi, uliza alikotoka. Wala usimkatae mtu kwa sababu ana watoto. Nawe uliwahi kuwa nao.

Mkataba na haki

Mkiyavuka hayo matatu, andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba watu waliofunuliwa aya hiyo ndio leo wanaona haya kuandikiana kwa kuwa “sisi ni ndugu”. Mkataba utaje majina, chumba, muda, kiasi, tarehe ya kulipa, na notisi ya kuondoka kwa kila upande. Utaje pia yale madogo yanayozaa makubwa: nani ananunua umeme, maji yanagawanywaje, uani hufagiliwa na nani.

Tuutolee mfano umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda kutoka Sh 12,000 hadi Sh 18,000 kwa mwaka, yaani Sh 1,500 kila mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayeingiza namba katika mita ni mpangaji, na fedha hukatwa katika umeme alioununua yeye. Wangapi miongoni mwa wenye nyumba humrudishia? Ni Sh 1,500 tu, utasema. Ndiyo, na siku ya Kiama hatutaulizwa kwa mafungu makubwa tu. Mpunguzie katika kodi, au patana naye waziwazi.

Kisha iko kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kisharia, wakikubaliana malipo ya kutanguliza, ni sahihi. Lakini mtu alipwaye kwa mwezi atazitoa wapi za miezi sita, na juu yake mwezi mmoja wa dalali? Atakopa, na mara nyingi kwa riba. Mwenye nyumba anayeweza kupokea kwa mwezi au kwa miezi mitatu, akafanya hivyo kwa ajili ya Allah, ametoa sadaka ambayo haimpunguzii hata senti moja. Na mpangaji akilazimika kuhama kabla ya muda, kumrudishia kilichobaki ni ihsani iliyosifiwa na Mtume (s.a.w), aliyefundisha kwamba anayemfungua mwenzake katika mapatano yaliyomwelemea, Allah atamsamehe makosa yake.

Matengenezo yanayoifanya nyumba ikalike ni juu ya mwenye nyumba. Asipoyafanya, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Mpangaji naye ni mwenye amana: halipi kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, lakini analipa alichokiharibu kwa kusudi au kwa uzembe. Kumbukeni kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (r.a), ambaye Mtume (s.a.w) alifikia kwake alipoingia Madina, akakaa chini na wenyeji wakakaa juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ukavunjika juu. Abu Ayyub na mkewe wakachukua blanketi lao, ambalo hawakuwa na jingine, wakayafyonza maji kwa hofu yasimdondokee aliye chini. Hakuwa akipokea kodi. Wewe unayepokea, bati linavuja tangu Ramadhani, nawe unasema fundi atakuja.

Na akishindwa kulipa? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu katika kile alichopangishwa, na migogoro ina mahali pake: Baraza la Kata hupatanisha, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huamua. Kumfungia mtu mlango, kutupa vyombo vyake nje au kuezua bati huku watoto wamo ndani, tumeyaona kwa macho yetu, tena yakifanywa na watu walioitwa Alhaji. Qur’ani imetuamrisha tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Tofautisha asiyeweza na asiyetaka. Asiyetaka, mpeleke panapohusika. Asiyeweza, mpe muda unaoujua na andikeni. Na kama unajua kwamba mwezi mmoja bila kodi utakulaza njaa, basi ni dalili kwamba hujawa tayari kuwa mwenye nyumba, kwa sababu mwezi huo utafika.

Zaka, kodi na kifo

Yamebaki mambo matatu ambayo tutayapitia kwa ufupi. Nyumba ya kupangisha, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, haina zaka katika thamani yake. Zaka iko katika pato lake, likifikia nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, pamoja na akiba nyingine za mtu, na likapitiwa na mwaka. Hapo hutolewa asilimia 2.5. Pili, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inalihesabu pango kuwa ni mapato. Nenda kaulize mapema, usisubiri kuulizwa. Tatu, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, mkataba wa kupangisha hauvunjiki kwa kifo. Warithi wako watairithi nyumba pamoja na aliyemo ndani hadi muda wake uishe. Waachie karatasi zinazosomeka.

Mwalimu alirudi Ijumaa iliyopita. Alikuwa amekwenda Muheza, na kwa dada wa Mombasa alipiga simu. Huyo wa Mombasa, alituambia, alilia. Hakulia kwa ajili ya ardhi. Alilia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 19 kwa mtu kumwuliza. Wameandikiana. Watajenga vyumba viwili, si vinne, kando ya nyumba, vyenye mlango wao wa kutokea kichochoroni, na uani utabaki kuwa wa mama. Kila dada atapata fungu lake katika kodi. Nusu ya mafao imebaki benki isiyo na riba. Mkewe safari hii alikuwa ameinua uso.

Hatujui kama vyumba hivyo vitapata wapangaji wema. Tunajua kwamba havikujengwa juu ya haki ya mtu. Basi nawe, ndugu yetu, kabla hujaenda kuulizia bei ya saruji, keti kwanza na mkeo, kisha wapigie simu dada zako.

Allah atuwezeshe kuchuma halali na kuitumia katika halali, na azifanye nyumba zetu ziwe za utulivu kwetu na kwa wanaokaa humo kwa kodi. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.